Tumbo Lifunguliwe Mara Moja

Mume wangu hajawahi kwenda Sumbawanga mjini kwa shughuli moja. Nimekaa naye miaka thelathini na tisa hapa upande wa Kaengesa, na sijamwona hata siku moja akipanda bodaboda kwa ajili ya misumari peke yake. Misumari ingoje mpaka pawe na msumeno wa kunolewa, msumeno ungoje mpaka pawe na shangazi wa kusalimiwa. Shangazi, Mungu amrehemu, alingoja mpaka akafa. Tukaenda msibani, na misumari ikanunuliwa siku hiyohiyo.

Mimi kwetu ni Mbeya. Nililetwa huku na barua ya kazi, mwalimu wa shule ya msingi, na mwanzoni nilidhani tabia hiyo ni ya kwake peke yake. Kumbe ni ya Ufipa nzima. Watu hawa hata shamba wanalima hivyo. Wanafukia majani chini ya udongo na kutengeneza ntumba, yale matuta ya duara, kisha wanapanda maharage juu yake. Maharage yakiwa yanakua huku juu, majani yanaoza huku chini yawe mbolea ya mwaka ujao. Mwaka wa kwanza nilicheka. Mwaka wa pili nilikuwa nalima vilevile, na wa tatu nikawa nawafundisha watoto darasani kwamba hiyo ndiyo akili.

Yeye ni fundi wa nyumba. Ameezeka nyumba nyingi kuanzia misheni mpaka barabara kuu, na ana sheria yake moja: ukishapanda juu ya paa, usishuke mpaka umemaliza kila kilichoharibika. "Paa halifunguliwi mara mbili," huwaambia wenye nyumba. Mtu aliyemwita kwa bati moja linalovuja hujikuta amebadilishiwa matano, na kenchi, zile mbao zinazobeba paa, na mlango wa jikoni.

Kwa hiyo usishangae nikikuambia kwamba ugonjwa wake tuliugundua tukiwa tumekwenda mjini kwa mambo mengine manne. Alikuwa na maumivu chini ya mbavu, upande wa kulia, yanayomjia kila akila nyama yenye mafuta. Nilimsema miezi sita. Mwishowe akakubali hospitali iingizwe kwenye orodha, na ikaingizwa mwisho, baada ya rangi ya milango.

Binti wa kipimo cha ultrasaundi alinisalimia kwa heshima zote. "Shikamoo mwalimu." Nilimfundisha darasa la nne, na nilimchapa kwa sababu ya jedwali la saba, nikaomba kimoyomoyo awe amesahau. Akampaka mzee mafuta ya baridi tumboni, akapitisha chombo chake, akasema mawe yapo, kwenye kifuko cha nyongo, mengi tu. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bati lake lina kutu. Lakini binti hakuinua mkono. Alikirudisha chombo katikati ya tumbo, akakituliza hapo, akatazama kioo muda mrefu.

"Babu, unavuta sigara?"

"Nilikuwa navuta. Nimeacha."

"Umeacha lini?"

"Asubuhi."

Daktari aliyetuita baadaye alieleza kwa upole. Kuna mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo na kushuka katikati ya tumbo. Unatakiwa uwe mnene kama kidole gumba. Wa mzee ulikuwa umetuna mahali fulani mpaka ukawa kama chupa ya soda, na ukuta wake umekuwa mwembamba. Ukipasuka akiwa nyumbani hatafika hospitali. Mawe yanauma, lakini huo mshipa hauumi, na kwa sababu hauumi ndiyo maana ni hatari. Inabidi aende Mbeya haraka, na Mbeya pengine watampeleka Dar es Salaam.

Mwenzangu tulipofika nje alikuwa kama amefurahi. "Foleni moja, magonjwa mawili," alisema. "Tungekuja kwa moja tungejutia nauli." Halafu tukaenda kuchukua rangi tuliyoiacha dukani.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu, na naisema kabla sijaanza kuwacheka watu wengine. Daktari alisema haraka. Ilikuwa mvua zinaelekea mwisho, maharage yamebakiza kama mwezi hivi kuvunwa. Mzee akasema hatuwezi kwenda mpaka Dar mikono mitupu kwa ajili ya tumbo tu, binti yetu yuko kule na watoto, tungoje maharage. Na mimi, mwalimu mzima, badala ya kumkatalia, nikasema basi tungoje na ulezi pia, maana mjukuu anapenda uji wa ulezi. Tukangoja wiki tano. Nilikuwa nikimwona anainama kufunga gunia, nataka kumzuia, kisha nasaidia kushika mdomo wa gunia. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini nadhani hawakuwahi kukutana na Mfipa na mke wake wa Mbeya.

Tulisafiri na magunia mawili, ndoo ya samaki wa migebuka waliokaushwa, na kitu kama chupa ya soda ndani ya tumbo la mume wangu. Barabara siku hizi ni lami, lakini lami yetu ina matuta kila penye kijiji. Kila basi likiruka tuta nilikuwa naweka kiganja changu juu ya mkanda wake, kana kwamba ningeuzuia mshipa. Yeye akawa anatazama mapaa ya watu nje na kuyatoa makosa. Mbeya walipiga picha zao, wakasema nendeni Dar. Tukaenda.

Hospitali ya kule sitaitaja. Ilikuwa kubwa, na walikuwa wanajenga jengo jipya uani, kwa hiyo mzee alijisikia yuko nyumbani tangu getini. Wodini jirani yetu wa kitanda cha pili aliuliza tunatoka wapi. Niliposema Sumbawanga, mji unaotajwa nchi nzima kwa uchawi, aliuliza kwa adabu sana, "Sasa nyinyi mnashindwaje kujitibu wenyewe?" Mzee akamjibu kwamba kazi ya ukubwa ule haifanyiki kwenye ungo wa kurukia. Tangu hapo yule bwana alikuwa akituachia sisi tuchague dirisha lifunguliwe au lifungwe.

Madaktari wetu walikuwa wawili. Mmoja wa mishipa, mrefu, mpole, anaongea kama anasoma somo kanisani. Mwingine mama wa makamo, wa matumbo kwa jumla, mwepesi wa maneno. Walikuja pamoja na karatasi, na mzee, kabla hawajakaa, akawatolea sheria yake.

"Tumbo langu lifunguliwe mara moja tu. Mtengeneze mshipa, mtoe na mawe, mfunge. Mimi ni fundi. Sifungui paa mara mbili."

Nilidhani watamcheka. Hawakumcheka, na hilo ndilo lililonitisha, maana ilionekana mzee amegusa jambo ambalo wao wenyewe walikuwa wanalibishania.

Daktari wa mishipa alisema hataki. Mshipa ukikatwa, panawekwa bomba la kitambaa maalumu, na kazi hiyo inataka usafi kuliko kazi zote. Kifuko cha nyongo kinaweza kuwa na vijidudu. Kikichuruzika tone moja, vijidudu vikajishika kwenye lile bomba, hapana dawa ya uhakika ya kuvitoa. Itabidi bomba lenyewe litolewe, na wengi hawavuki hapo. "Mzee wangu," akasema, "mshika mawili moja humponyoka."

"Hiyo ni kwa anayeshika peke yake," mzee akajibu. "Nyinyi mko wawili."

Yule mama akacheka, akasema mzee ana hoja. Yeye alishaona watu waliotengenezewa mshipa vizuri kabisa, kisha siku chache baadaye, mwili ukiwa bado dhaifu, mawe yakawasha moto kwenye nyongo, na ikabidi warudishwe chumba cha upasuaji wakiwa hawana hata nguvu ya kukaa. Kwa maoni yake ingefaa mshipa utengenezwe kwanza, ufunikwe vizuri kwa nyama ya mgonjwa mwenyewe, mahali pasafishwe, na nyongo itolewe mwisho. Mwenzake akasema ndiyo, kama damu haikupotea nyingi na muda haujaenda. Mama akasema sawa, lakini. Yule akasema hapana, ila. Walikwenda hivyo dakika nzima, na mzee anawatazama huku na huku.

"Mafundi wakibishana mbele ya mwenye nyumba," aliniambia kwa sauti ya chini, "ujue hata wao hawajui mbao zilivyo kule juu."

Mwishowe waliandika kazi zote mbili kwenye fomu, na daktari wa mishipa akaongeza neno moja kwa mkono: ikiwezekana. Mzee alilitazama neno lile kwa chuki. Alikataa kutia saini mpaka wamwahidi. Wakasema hawawezi kuahidi. Nikamwambia asipotia saini nitarudi Kaengesa peke yangu na nitamwita fundi mwingine aje aezeke jiko. Akatia saini.

Asubuhi ya siku yenyewe walimpeleka saa mbili. Mimi na binti yangu tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Nilikuwa na rozari, lakini nilikuwa sisali, nilikuwa nahesabu wiki tano. Ningekuwa mkali kama ninavyojisifu, mshipa ule ungekuwa umetengenezwa zamani. Nilikuwa nimeweka uji wa mjukuu na roho ya mume wangu kwenye safari moja, na sikuona tofauti ya uzito. Binti akanipa chai. Niliishika mpaka ikapoa.

Saa nane mlango ulifunguliwa, akatoka daktari wa mishipa na kofia yake ya kijani. Nilisimama. Alisema mshipa umekwisha, bomba limekaa, damu inapita mpaka miguuni. Lakini kazi ilikuwa ngumu kuliko picha zilivyoonyesha, ukuta wa mshipa ulikuwa umebaki kama karatasi, na damu imepotea zaidi ya walivyopenda.

"Mwenzangu yuko pale anaitazama nyongo," alisema. "Uamuzi ni wetu, siyo wako, mama. Ila mzee alituwekea sharti, na sipendi nifanye kinyume bila mtu wa nyumbani kujua. Mimi naona tufunge."

Miaka thelathini na tisa nimejifunza kwamba jembe moja lina kazi mbili. Nimekwenda na misumari msibani. Na mume wangu amelala kule ndani tumbo wazi, jambo aliloogopa kuliko yote likiwa limeshatendeka, limebaki lile dogo tu, la kumalizia. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Fungeni." Hata sikusema tafadhali. Nilisema kama ninavyowaambia watoto wafunge madaftari.

"Tutafunga," alisema, na akarudi ndani.

Mzee alifumbua macho kesho yake, chumba cha uangalizi, mipira puani na mikononi. Nikamwinamia. Midomo ilikuwa imekauka. Aliniangalia kwa muda akinitafuta, kisha akaniuliza neno moja.

"Vyote?"

Nami nikamjibu, "Vyote."

Nimewachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo. Ila ungeuona uso wake ulivyotulia, sijui kama wewe ungesema tofauti. Nilimwendea yule daktari mama, nikamwomba aniachie mimi nimwambie mzee atakapopata nguvu. Akakubali, akasema mradi nimweleze kabla hatujaondoka, maana mawe yapo palepale, na baada ya miezi mitatu lazima yatolewe, hata Sumbawanga wanaweza. Akaniandikia barua. Nikasema ndiyo, daktari, nikaikunja barua.

Mambo yangekwishia hapo, kama si yule jirani wa kitanda cha pili. Na yeye alikuwa ametolewa mawe, na alipewa mawe yake kwenye kichupa, akawa anayachezesha. Mzee alipohamishiwa wodini, kitu cha kwanza alichoona ni kile kichupa. "Na yangu yako wapi?" akauliza.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliamua kuirefusha. Nilisema yako maabara, nitayafuata. Nikatoka uani, palipokuwa na rundo la kokoto za lile jengo jipya. Nikachagua saba, ndogo, zinazofanana na maharage. Nikaziosha kwenye bomba la kunawia mikono, mara mbili, kwa sabuni. Nilikuwa na kichupa cha vidonge vya presha kilichokwisha. Mlinzi alinitazama, nikamsalimia, akaitikia. Nikazipeleka.

Mzee alikiinua kichupa kwenye mwanga, akakigeuza. Akanitazama. "Makubwa," akasema, akakiweka chini ya mto.

Tulirudi nyumbani wakati wa upepo, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Barua ya daktari niliificha ndani ya faili langu la zamani la maazimio ya kazi, faili ambalo hata mimi sipendi kulifungua. Kichupa kikawekwa sebuleni, juu ya kabati, pembeni ya redio. Na habari ikaenea kwamba fundi alifunguliwa mara moja Dar es Salaam na akatengenezwa vitu viwili. Watu walikuja na kuku kumpongeza. Hapa kwetu mtu aliyepona anapongezwa, lakini mtu aliyepona bila kupoteza safari anaheshimiwa. Kila mgeni alionyeshwa kichupa. Katekista aliyatazama yale mawe, akafanya ishara ya msalaba. Nilikwenda jikoni nikakaa juu ya ndoo.

Nilijiambia nitamweleza Jumapili. Jumapili ikaja ikapita, zikawa nyingi. Kila nikifungua mdomo alikuwa anamsimulia mtu, anaongeza na maneno, mara daktari alimwomba ushauri wa paa la jengo jipya. Mwezi wa tatu tangu upasuaji ulikuwa unakwisha. Nikawa napika bila mafuta, maboga, mlenda, maharage ya kuchemsha, nikisema nimechoka na mafuta, yanapanda bei. Alikula bila kuuliza. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mume asiyechunguza sahani.

Kisha mjukuu mmoja wa huku kijijini akapata komunio ya kwanza, na mbuzi akachinjwa. Walimwekea mzee ubavu ulionona, kwa heshima. Nilimtazama ng'ambo ya meza. Akanitazama. Akaula wote.

Maumivu yalimshika wageni wakiwa bado wanaimba. Nilimkuta chumbani amejikunja, uso umekuwa wa majivu, jasho linamtoka. Nikadhani ni mshipa. Nikadhani bomba limeachia, na kwamba nitamzika mtu huku nina barua ndani ya faili. Nilipiga magoti pale kwenye sakafu, nikamwambia yote kwa mkupuo. Mawe bado yamo. Mimi ndiye niliyesema wafunge. Tulichelewa wiki tano kwa ajili ya ulezi wangu, nikaogopa kukupoteza kwa ajili ya kitu kingine cha kuokotea njiani. Na yale ya kwenye kichupa si mawe yako. Nilikuwa nalia kama mtoto wa darasa la kwanza.

Alingoja nimalize. Maumivu yalikuwa yamelegea kidogo.

"Mwalimu," alisema. Ndivyo anavyoniita tangu tuoane. "Nimechanganya zege tangu nina miaka kumi na tisa. Jiwe lililokaa ndani ya mwili wa mtu miaka yote hiyo linakuwa na kingo kali namna ile? Tena ni za mashine. Kwetu kokoto wanaponda kwa nyundo. Zile ni za Dar, za lile jengo."

Nikamwuliza alijua tangu lini.

"Tangu uliponipa. Na yule daktari mama naye aliniambia, siku uliyokwenda kukata tiketi. Alifikiri umeshaniambia."

"Na ukanyamaza."

"Uliziosha," alisema. "Zilikuwa zinanuka sabuni. Nikasema mtu aliyefika mahali pa kuosha kokoto kwa sabuni, ameogopa sana huyu. Nimwache."

Nilimwuliza basi kwa nini amekula ubavu wa mbuzi, anajua kabisa kilichomo tumboni. Akasema ningemwona anakataa mafuta, ningejua kwamba anajua. Miezi mitatu yeye alikuwa ananilinda na mimi namlinda, na katikati yetu kulikuwa na kichupa cha kokoto kinachobarikiwa na katekista. Nilitaka kumpiga. Badala yake nilimfuta jasho kwa gauni langu la sherehe, nikaenda kutafuta gari.

Asubuhi tukiwa tunaondoka, jirani alikuja na redio yake mbovu, akaomba tuipitishe kwa fundi maadamu tunakwenda mjini. Mwingine akaleta barua ya ushirika. Ni kawaida, wala hawakufanya kosa. Niliwaambia hapana. Nilisema leo tunakwenda hospitali. Walingoja niseme na wapi tena. Nikafunga mlango wa gari. Mzee alikuwa kiti cha nyuma amejilaza, ameshika tumbo. Tulipofika kwenye kituo cha mafuta aliuliza, "Hata varnishi?" Nikamwambia hata varnishi. Akafumba macho.

Daktari wa Sumbawanga aliisoma barua iliyokuwa inanuka chaki, akanitazama juu ya miwani kwa muda ambao niliustahili. Wakampoza kwa dawa siku kadhaa kwanza, kisha wakamfungua, chini ya mbavu, mbali na kovu refu la katikati. Nilikaa kwenye benchi. Sikuwa na kikapu, sikuwa na mfuko, na mikono yangu ilikuwa haijui ikae wapi. Hakuna aliyetoka mlangoni kuniuliza neno. Baada ya muda alitoka muuguzi akaniambia amekwisha, akanipa kichupa. Mawe yalikuwa madogo, ya rangi ya matope, laini pembeni. Kwa kweli hayakuwa na sura.

Alipofumbua macho nilikuwa nimemwinamia palepale nilipomwinamia Dar. Midomo ilikuwa imekauka vilevile.

"Vyote?" akauliza.

"Kimoja," nikamwambia. "Tulikuja kwa kimoja tu."

Akafikiri kidogo. Akatoa mkono chini ya shuka, akanishika kidole.

"Kinatosha," alisema, akalala.